Maziwa ya Barke

Saa tatu ya asubuhi, Jumatatu moja katikati ya Aprili 1960, mshale wa mizani ulisimama chini ya alama ya ratili saba. Mtoto alizaliwa na ratili saba kamili. Sasa alikuwa na wiki mbili.

Mizani ilikuwa ya kutundika, ndoana juu na kitambaa cha kumbebea mtoto chini. Mwenye mizani alikuwa Mwikali, muuguzi wa wazazi na watoto wachanga, Mkamba aliyehamia pwani, ambaye alizunguka Kisauni kwa baiskeli kuwatazama wanawake walio ndani ya siku arubaini za uzazi. Alisubiri mtoto atulie, akasoma mara ya pili. Mshale ulikuwa pale pale.

"Ameshuka," alisema. "Si kwa wingi. Lakini kwa umri huu alitakiwa awe ameshaanza kupanda."

Mama wa mtoto, Barke, alikuwa ameketi kitandani, mkaja umemkaza tumbo. Aliyejibu ni mama mkwe wake, Bi Zubeda, aliyesimama kati ya kitanda na mlango.

"Si mtoto, sista. Ni maziwa. Hayashuki. Na dawa hatukubakisha. Uwatu anywa asubuhi na jioni, habasoda kwa asali, uji wa mtama na pilipili manga. Shamari nimemchemshia kwa mkono wangu. Juzi Khatibu alileta pweza, tukamtia supu. Tufanye nini tena?"

"Hizo hazina ubaya," Mwikali alisema. "Uji na supu vinamsaidia mzazi. Mpeni, na maji anywe kwa wingi. Ananyonyesha mara ngapi kwa siku?"

"Kila apatapo nafasi," Bi Zubeda alijibu.

Mwikali alikuwa na nyumba nyingine za kupitia kabla ya adhuhuri. Hakuuliza nafasi hiyo ilipatikana vipi. Alimtoa mtoto kwenye kitambaa, akamrudishia mama yake, akaanza kukunja vitu vyake.

"Nitarudi Jumatatu ijayo," alisema. "Mshale ukishuka tena, itabidi apewe maziwa ya kopo. Maji yachemshwe, na chupa ichemshwe. Msikae mkingoja nimkute amelegea."

Hapo ndipo Barke aliposema neno lake la kwanza asubuhi ile.

"Chupa sitaki, sista."

"Mimi pia siitaki. Lakini njaa siitaki zaidi."

Kukataa kwake kulikuwa na sababu, na ndani ya nyumba ile kila mtu aliijua. Miaka miwili nyuma Barke alizaa binti. Maziwa yalikauka kabla arubaini haijatimia, binti akapewa chupa, na katika mwezi wake wa tatu akafa kwa kuharisha. Muuguzi wa wakati ule alisema ni maji ya kisima. Bi Zubeda alisema ni jicho. Barke hakubishana na yeyote kati yao. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba binti yake alikuwa mzima alipokuwa akinyonya, na akaanza kuharisha wiki ile ile alipopewa chupa.

Hoja ya jicho nayo ilikuwa na msingi wake. Katika wiki ya pili baada ya binti yule kuzaliwa, jirani yao Tima aliingia kutoa hongera akamkuta Barke yuanyonyesha. Tima ni mwanamke mwenye mdomo mwepesi. Alitazama, akacheka, akasema, "Ziwa hilo lanywesha mapacha na baba yao." Hakusema mashallah. Wanawake wawili wengine walisikia. Siku chache baadaye maziwa yakapungua. Bi Zubeda hakumfukuza Tima wala hakumwambia lolote, kwa kuwa hayo hayaambiwi mtu usoni. Lakini mjukuu wa pili, huyu Mbarak wa sasa, alipozaliwa, aliweka sharti: asiyekuwa mtu wa nyumba hii hatamwona mtoto akiwa kifuani.

Sharti lilitekelezwa hivi. Sauti ya "hodi" ikisikika mlangoni, Bi Zubeda alimchukua mtoto, awe ameshiba au hajashiba, akampeleka chumba cha ndani. Huko alimtuliza kwa maji ya sukari, tone baada ya tone kutoka kwenye pamba. Wageni wakiondoka, mtoto alirudishwa.

Wageni wenyewe hawakuondoka upesi. Marehemu mume wa Bi Zubeda alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na nusu ya watu wazima wa Kisauni walijifunza alifu kwa kijiti chake. Wanawake wa nyumba hizo zote waliona ni wajibu kuja kumwona mzazi, na Bi Zubeda aliona ni wajibu kuwapa kahawa na kaimati, na mgeni aliyepewa kaimati hainuki kabla ya kahawa ya pili. Walipopata habari kwamba maziwa ya Barke hayashuki, waliongezeka. Kila mmoja alikuwa na dawa, na kila aliyeleta dawa alikaa aone kama imefanya kazi.

Jumatatu ile ile, baada ya Mwikali kuondoka, Tima alikuwa wa kwanza. Alibeba uwatu aliouroweka tangu jana yake hata ukawa mzito kama ulimbo, akaukoroga kwa sukari guru mbele ya mzazi.

"Kunywa, mwanangu. Usiunuse, unywe."

"Bi Tima, nanuka uwatu mpaka kwapani."

"Nuka! Mwanamke anukaye uwatu ndiye mwenye maziwa. Mie nilipomzaa Rashid, mume wangu alihamia barazani wiki nzima kwa harufu, wallahi. Na Rashid alikuwa na mashavu kama maandazi."

Alifuata Nyevu, Mgiriama aliyekuwa na shamba dogo nyuma ya nyumba yao, na fungu la majani ya mronge kichwani.

"Haya mpikieni na tui," alisema. "Uwatu ni dawa ya dukani. Mronge ni dawa ya mti. Mti unaouona kwa macho."

"Na uwatu hatuuoni?" Tima aliuliza. "Tumekuwa vipofu?"

"Unauona kwenye gunia la Mhindi. Mti wake umeuona wapi?"

Tima hakuwa ameuona mti wa uwatu mahali popote, akamwambia Nyevu akae apumue. Wote wawili walikaa. Baada yao waliingia wengine. Chumba cha ndani mtoto alilia, akanyamaza, akalia tena. Jioni, wa mwisho alipotoka, Barke alipewa mwanawe. Mtoto alinyonya kidogo akasinzia kwa uchovu wa kulia. Sukari nayo ilikuwa imeshamkinaisha.

Jumanne ilinyesha.

Mvua ya masika ilianza kabla ya alfajiri na haikukatika. Kufikia saa mbili njia ya kwenda darajani ilikuwa imegeuka mto wa matope mekundu, na Khatibu, mume wa Barke, karani wa zamu ya usiku huko bandarini Kilindini, alirudi nyumbani baiskeli ikiwa begani kwake. Hakuna aliyepiga hodi. Bi Zubeda alipika kaimati kwa mazoea, akazifunika, zikapoa.

Uwatu wa jana ulikuwa umebaki, Barke akaumaliza. Majani ya mronge yalipikwa kwa tui, akayala na wali. Aliletewa uji wa mtama, akanywa bakuli mbili kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsemesha. Na mtoto, kwa kuwa hapakuwa na sababu ya kumwondoa, alibaki kitandani. Alinyonya asubuhi. Alilala, akaamka, akanyonya. Barke aliacha kuhesabu. Maji ya sukari yalikaa kwenye kikombe chake tangu asubuhi, na jioni Bi Zubeda aliyamwaga kwa sababu yalikuwa yameingiwa na sisimizi.

Jumatano alfajiri Barke aliamka kanga yake imelowa kifuani. Matiti yalikuwa mazito, na mtoto alipokamata, maziwa yalimjia kwa nguvu akapaliwa.

"Mama!" Barke aliita. "Njoo uone!"

Bi Zubeda alikuja mbio akidhani kuna msiba. Aliona kanga, akaona maziwa mdomoni mwa mjukuu wake, akakaa chini kwenye mkeka kwa kishindo.

"Alhamdulillahi," alisema. "Alhamdulillahi. Usimwambie mtu."

Lakini alimwambia Khatibu mlangoni aliporudi kutoka zamu, na dada wa kazi wa nyumba ya pili alikuwa kisimani, akasikia. Jua lilipotoka na njia zikaanza kukauka, habari ilikuwa imefika kwa kila aliyeleta dawa.

Tima aliingia bila kusubiri kukaribishwa.

"Niliwaambieni! Uwatu wangu huo. Mwenyewe nauona umechanua!"

"Uwatu ameunywa siku ngapi?" Nyevu aliuliza kutoka kizingitini. "Tangu azae. Ulileta nini? Mronge ameula jana, leo maziwa haya hapa. Mtoto mdogo angejua hesabu hiyo."

"Basi ni pweza," alisema mwingine. "Pweza huchukua siku nyingi kufika."

"Kufika wapi? Yuaja kwa miguu?"

Walicheka, wakakaa, wakabishana. Kila mmoja alikuwa ameleta dawa yake kwa mara ya pili, nyingi kuliko ya kwanza, ili ushindi uwe wake bila shaka. Walikuja hata ambao hawakuwahi kuja. Kaimati ziliisha, Bi Zubeda akakanda unga mwingine. Mtoto alikuwa chumba cha ndani na pamba yake. Barke alikunywa kila alichopewa na akala kila alichowekewa, akakaa akiitika, matiti yakimuuma kwa kujaa, akisikia mwanawe akilia upande wa pili wa ukuta. Alasiri maumivu yakapungua yenyewe. Magharibi, aliporudishiwa mtoto, alikamua kwa vidole kwanza. Yalitoka matone.

Siku hiyo alikunywa uwatu mwingi kuliko siku nyingine yoyote, na mronge alikula mara mbili.

Barke alisoma madarasa manne katika shule ya wasichana na hakuwa mtu wa kuhangaika na mambo asiyoweza kuyajibu. Hili lilijibika. Jana na leo chakula kilikuwa kile kile, na leo kilikuwa zaidi. Dawa zilikuwa zile zile. Usingizi ulikuwa ule ule. Kilichotofautiana ni mlango. Jana haukufunguliwa kwa mgeni, na mtoto alikuwa kifuani mchana kutwa. Leo ulifunguliwa tangu asubuhi, na mtoto alikuwa kwenye pamba.

Alhamisi asubuhi, kabla ya wageni, alimwambia mama mkwe wake.

Bi Zubeda alikuwa ameinama juu ya sufuria uani. Ndani ya sufuria ile, chupa ya mtoto ilikuwa ikichemka. Kopo la maziwa lilikuwa pembeni, halijafunguliwa.

"Sista alisema tungoje Jumatatu," Barke alisema.

"Sista haishi hapa usiku akamsikia. Namuona mjukuu wangu yuasinyaa, mikono yake imekuwa kama ya kuku. Nimeshindwa, mwanangu. Leo nampa."

"Mama, juzi nani aliingia nyumba hii?"

"Juzi? Juzi kulinyesha."

"Hakuingia mtu. Na mtoto alilia?"

Bi Zubeda alifikiri. Alikuwa mtu wa kweli hata jambo likiwa dhidi yake. "Hakulia."

"Jumatatu alilia, na jana alilia. Juzi nilinyonyesha kutwa. Jana sikunyonyesha ila alfajiri na magharibi. Dawa nilikunywa siku zote."

"Wataka niwafungie watu mlango? Mke wa mwalimu awafungie watu mlango, na mzazi yumo ndani?"

"Sitaki uwafungie. Nataka nimnyonyeshe nao wakiwapo."

Bi Zubeda aliinuka. Alikuwa ameshika kijiko cha mbao.

"Nimezika mmoja," alisema. "Ulikuwa umelala kwa majonzi, hukuona alivyolazwa. Mimi ndiye niliyemvisha sanda. Hilo usiniambie tena."

Barke hakumwambia tena. Alirudi chumbani.

Wageni walianza kuja saa nne. Tima alikuwapo, na Nyevu, na wengine sita au saba, wamekaa kwenye mikeka na kwenye kasha la nguo, kila mmoja na bakuli lake au fungu lake. Safari hii palikuwa na mizizi ambayo hata aliyeileta hakujua jina lake. Mazungumzo yalikuwa juu ya kwa nini maziwa yamerudi nyuma.

"Umempa mzazi ndimu," Tima alimwambia mmoja wao. "Ndimu hukausha."

"Sikumpa ndimu. Nilimpa ukwaju."

"Na ukwaju ni nini, ni sukari?"

Upande wa pili wa ukuta mtoto alianza kulia. Haikuwa sauti ya siku zote. Ilikuwa nyembamba na ilikatika katikati. Mazungumzo yalipungua. Kisha ikasikika sauti ya kijiko ndani ya chupa, kikikoroga.

Barke aliteremka kitandani.

Mzazi wa wiki mbili na ushei, aliyefungwa mkaja, hatembeitembei mbele ya watu. Wanawake walisogeza miguu yao kumpisha bila kujua anakwenda wapi. Aliingia chumba cha ndani, na waliobaki hawakusikia maneno yoyote. Alitoka akiwa na mtoto mkononi. Nyuma yake alitoka Bi Zubeda na chupa iliyojaa.

Barke alipanda kitandani, akaegemea ukuta, akafungua kanga. Mtoto alikamata mara moja, akavuta kwa pupa. Chumba kizima kilisikia alivyomeza.

Wote walijua sharti la nyumba ile, ingawa hawakuwahi kuambiwa, na wote walijua lilitokana na nani. Macho yalikwenda kwa Tima. Tima alikuwa akitazama mkeka.

"Bi Tima," Barke alisema. "Sogea. Njoo ukae hapa karibu yangu."

"Mie?"

"Wewe. Kaa hapa kitandani, utazame vizuri."

Tima hakusogea. Alisema, kwa sauti ndogo, "Barke, mwanangu, mie nilitania siku ile. Tangu siku ile sijalala vizuri. Unadhani uwatu naleta kwa nini kila siku ya Mungu?"

"Najua. Njoo ukae."

Tima alikuja. Alikaa ukingoni mwa kitanda kama mtu anayekalia kitu cha moto. Alimtazama mtoto, akasema, "Mashallah." Akasema tena kwa sauti kubwa zaidi, "Mashallah tabarakallah!" Kisha akawageukia wenzake. "Nanyi mmekuwa mabubu? Semeni!"

Walisema. Nyevu, ambaye hakuwa Mwislamu, alisema nao, akaongeza lake kwa Kigiriama.

Bi Zubeda alikuwa bado amesimama mlangoni. Barke alimtazama.

"Mama," alisema, "kama ni jicho, dawa yake waijua kuliko sisi wote. Njoo umsomee. Wewe soma, mimi ninyonyeshe."

Mtoto alikuwa akinyonya bila kusita. Ngumi yake, iliyokuwa imekunjwa tangu asubuhi, ilifunguka juu ya kifua cha mama yake. Bi Zubeda aliiona. Aliitazama kwa muda, akaweka chupa juu ya kasha, akaja akakaa upande wa pili wa kitanda, mkabala na Tima. Aliweka kiganja juu ya utosi wa mjukuu wake na kuanza kumsomea kwa sauti ya chini, sura ya Falaki kisha ya Nasi, tena na tena, akimpulizia kila amalizapo.

Titi la kwanza lilipolegea, Barke alimhamishia la pili.

"Sasa dawa," alisema, akiwatazama wageni wake na mabakuli yao. "Siwezi kuzila zote nikiwa nimekaa na watu, na mama peke yake jikoni atakufa kwa kaimati. Mwenye dawa, jiko liko uani. Apike mwenyewe, ikiiva aniletee. Nitakula."

Nyevu akacheka kwa nguvu.

"Tumefukuzwa!"

"Hamkufukuzwa. Mmeajiriwa."

"Na mshahara?"

"Kaimati."

Wakainuka. Uani palitokea ugomvi wa nani atangulie kwenye mafiga, na Tima, aliyekuwa amerudiwa na mdomo wake, alisikika akisema kwamba mronge usipopondewa tangawizi si mronge bali ni majani ya mbuzi. Nyevu alimjibu kwamba mbuzi wake wana maziwa. Chumbani walibaki wawili, na mtoto.

Tangu Alhamisi ile mpaka Jumapili, wageni waliendelea kuja na mtoto hakuondolewa tena. Akitaka, alipewa, awepo nani asiwepo nani. Bi Zubeda alikaa pembeni akisoma. Aliyeingia bila kusema mashallah alikoholewa mpaka akaisema. Maji ya sukari hayakutengenezwa. Jikoni walikubaliana, baada ya mabishano mengi, kwamba asubuhi ni uwatu kwa uji, mchana mronge kwa tui, jioni supu, na kwamba mizizi isiyojulikana jina itupwe. Barke alikula na kunywa alichopewa. Iwapo majani yale yalileta maziwa, au yaliyaongeza tu, au yalimshibisha mzazi basi, hakuna aliyeyajaribu peke yake, na Barke hakujidai kujua. Alisema tu kwamba kisima chataka mvua na chataka ndoo. Ijumaa kanga ililowa tena. Jumamosi alibadilisha kanga mara tatu. Jumapili mtoto alijikojolea kwa wingi hata Bi Zubeda akalalamika, kisha akaomba msamaha kwa kulalamika.

Jumatatu, saa tatu ya asubuhi, Mwikali aliegemeza baiskeli yake barazani akapiga hodi. Aliyoyakuta yalimfanya asimame mlangoni. Chumba kilijaa. Wanawake walikuwa kwenye mikeka, kwenye kasha, hadi ukumbini.

"Kuna nini?" aliuliza. "Mzazi mgonjwa?"

"Wagonjwa ni sisi," Tima alijibu. "Tundika mizani yako, sista, utuponye."

Mwikali aliitundika. Bi Zubeda mwenyewe ndiye aliyemvua mtoto nguo na kumweka kwenye kitambaa. Mtoto alipiga mateke, mshale ukacheza juu na chini. Ulipotulia, Mwikali aliinama akautazama. Alinyoosha kitambaa, akahakikisha hakuna mkono wa mtu unaokigusa, akasoma tena.

"Ratili saba," alisema, "na wakia tano."

"Kiswahili, sista," mmoja wa wanawake alisema kutoka ukumbini. "Amepanda au ameshuka?"

"Amepanda. Amepita uzito aliozaliwa nao, na zaidi. Mmempa kopo?"

"Kopo liko pale," Barke alisema. "Lifungue ulitazame."

Mwikali alilichukua, akaligeuza. Halikuwa limefunguliwa. Akamgeukia Barke. "Basi umefanya nini?"

Wanawake wote walijibu kwa pamoja, na kila mmoja alitaja dawa yake. Mwikali aliinua mkono mpaka wakanyamaza, akasubiri jibu la mzazi.

"Nilimnyonyesha," Barke alisema. "Nao walinipikia."

Alinyoosha mikono. Mwikali alimtoa mtoto kwenye mizani akampa. Mtoto alilia mara moja, akapata alichokitaka, akanyamaza, mbele ya muuguzi na mbele ya watu wote. Bi Zubeda alitazama duara la nyuso zilizokuwa zikimtazama mjukuu wake. Hakumfunika. Alifunga kanga yake vizuri kichwani, akavuta pumzi, akapiga kigelegele. Wengine walikipokea, kutoka chumbani hadi ukumbini hadi uani, kikarudi tena.

Khatibu, aliyekuwa amelala kwa jirani baada ya zamu ya usiku, alisikika barazani akiuliza nani anaolewa.